Difu Mpya ya Gari Nililolijenga Mwenyewe

Kila nilipovuka Likoni, Mombasa, kwa feri kulikuwa na mahali pamoja palipokuwa pakinitia wasiwasi, napo ni lile bamba la chuma ambalo gari hulikanyaga linapotoka feri na kushika nchi kavu. Bamba hilo aghalabu huwa limelowa maji ya chumvi, na si rahisi kulipita moja kwa moja kwa sababu magari hupangwa kwa kubanana, hivyo mtu hutoka akiwa amekata kona kidogo. Gurudumu langu moja la nyuma likishatua kwenye chuma chenye maji, lilianza kuzunguka bure kwa mlio mkali, na la pili, ambalo lilikuwa mahali pakavu pa kushikilia vizuri kabisa, likatulia tuli kana kwamba halihusiki. Gari likasimama, na nyuma yangu honi zikaanza.

Gari hilo nililijenga kwa miaka mitatu huko Magongo. Chesisi yake ni ya mabomba ya mraba niliyoyachomelea mwenyewe, kwa mtindo wa Lotus Seven ambayo Colin Chapman aliitoa mwaka 1957. Injini ni ya Toyota ya lita 1.6, giaboksi ni ya Corolla ya zamani, ya zile zilizosukumwa na magurudumu ya nyuma, na difu, yaani lile sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, ni ya Subaru, aina ya R160. Niliichagua difu hiyo kwa sababu Subaru zimejaa nchini, na kwa sababu hufungwa kwenye chesisi peke yake, kila gurudumu likabaki huru kupanda na kushuka bila kulitikisa jenzake. Hiyo 160 ni kipenyo cha krauni, ile gia kubwa ya mviringo ndani ya difu, kwa milimita. Kwenye mizani gari zima lina kilo 640, kwa hiyo wengi waliniambia kwamba difu hiyo inatosha na kubaki, na kwamba kinachokosekana ni injini kubwa zaidi.

Hapo ndipo nilipotofautiana nao, na bado natofautiana nao. Difu ipo ili gurudumu la nje liweze kwenda mbio kuliko la ndani wakati wa kukata kona, na kanuni yake haijabadilika tangu Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipoisajili mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke. Lakini difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu yote mawili, wakati wote, na usawa huo ndio kasoro yake. Gurudumu lililo kwenye maji likiweza kupokea nguvu kidogo tu kabla ya kuteleza, basi lililo pakavu nalo hupata kidogo hicho hicho, wala halipati zaidi hata ukiweka injini ya lori. Kuongeza injini kungeniongezea kelele na moshi wa mpira pale ferini, basi.

Kijana mmoja wa karakana ya jirani alijitolea kunichomelea difu ndani ili magurudumu yote mawili yafungane. Kazi hiyo ni rahisi na wapo wanaoipenda, lakini haifai kwa gari la barabarani: katika kila kona kali gurudumu moja litaburutwa, mpira utalika, na draivu shafti, ile mihimili inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, zitabeba mvutano usiokuwa na pa kwenda. Nilitaka difu inayozuia gurudumu moja kukimbia peke yake bila kuyafunga yote mawili.

Kwa hiyo nilinunua difu iliyotumika, ya R160 vilevile, iliyotoka kwenye Legacy ya giaboksi ya mkono, yenye kizuizi cha mafuta mazito. Ndani ya kizuizi hicho mna visahani vyembamba vilivyopishana, na katikati yake mna mafuta ya silikoni yanayokataa kukatwa kwa haraka. Gurudumu moja likikimbia, mafuta hulivuta lirudi. Kabla ya kulipa nilihesabu meno: 37 ya krauni kwa 9 ya pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha krauni, yaani 4.11, badala ya 40 kwa 9 ya difu yangu ya zamani, ambayo ni 4.44. Tofauti hiyo niliipenda. Kwa taili zangu za 185/60 za inchi 14, katika gia ya nne, injini iliyokuwa ikizunguka karibu mara 4,080 kwa dakika kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa ingeshuka hadi karibu 3,780, na gari jepesi kama hili halipungukiwi sana na mvuto kwa mabadiliko hayo.

Niliyahesabu meno lakini sikukipima kizuizi, na kosa hilo lilinigharimu. Nilipoifikisha kwa mzee mmoja mkereza vyuma wa Changamwe, ambaye nimejifunza kwake mengi, aliubana mhimili wa upande mmoja kwenye jiriwa akaniambia niuzungushe wa upande wa pili kwa spana ya kupimia. Ulizunguka kama kijiko ndani ya uji mwepesi. "Mwanangu," akasema, "mafuta ya humu yalikwisha kufa zamani. Umenunua difu ya kawaida kwa bei ya difu nzuri." Muuzaji alikataa kuipokea. Krauni na pinioni zake, hata hivyo, zilikuwa safi, na hapo nikaamua kuziacha na kubadilisha moyo wake tu kwa kizuizi kipya cha meno ya mshazari, ambacho niliagiza kutoka Uingereza. Hiki hakitumii mafuta mazito wala visahani vya kusuguana. Gia zake zenyewe husukumana ubavuni nguvu zinapoingia, na gurudumu lenye mshiko likapokea nguvu mara mbili ya jenzake au zaidi.

Kazi niliyoithamini kuliko zote ni kuipanga krauni. Tulipofungua vifuniko vya ubavuni tuliziweka shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, za kushoto na za kulia katika makopo mawili yenye alama, kwa maana ukizichanganya umepoteza kila kipimo cha kiwandani. Krauni ikahamia kwenye kizuizi kipya, beringi mpya zikakandamizwa mahali pake, kisha mzee akaiegemeza ncha ya saa ya kupimia kwenye jino moja la krauni, akaishika pinioni isisogee, akaitikisa krauni mbele na nyuma kwa vidole viwili. Mshale ulicheza milimita 0.28, ndiyo nafasi iliyobaki kati ya meno. Tulitaka kati ya 0.10 na 0.20. Tukatoa shimu ya 0.20 upande wa mgongo wa krauni tukaiongeza upande wa meno, krauni ikasogea kuelekea pinioni, na mshale ukasoma 0.14. Hata hapo hakuridhika. Alipaka meno machache rangi ya manjano iliyochanganywa na mafuta, akaizungusha difu huku mimi nikiizuia kwa kitambaa, na alama ikatokea katikati ya jino, imeelekea kidogo upande wa ndani. Tuliifungua na kuifunga mara nne kwa siku mbili, katika joto la kaskazi, na sijaona bado saa nilizozitumia vizuri zaidi katika gari hili.

Ikatiwa mafuta mapya ya gia ya daraja la GL-5, lita 0.8, ikafungwa kwenye mabano yale yale ya zamani.

Pale ferini sasa husikia mlio mfupi tu na gari likapanda. Ila barabara ya kutoka Kombani kwenda Kwale, yenye kona za kupanda mlima, ilinionyesha mpaka wa kizuizi cha aina hii: gurudumu la ndani likinyanyuka kabisa hewani halipokei nguvu yoyote, na mara mbili ya sifuri ni sifuri, kwa hiyo difu hurudi kuwa ya kawaida. Dawa haikuwa kwenye difu. Niliondoa stabilaiza ya nyuma, ile fimbo ya chuma inayounganisha pande mbili ili gari lisilale sana, ambayo ilikuwa ikilivuta juu gurudumu la ndani kila gari lilipolala, na tangu hapo magurudumu yote mawili hubaki chini hata kwenye kona kali kuliko zote za mlima huo.

Baada ya kilomita 800 niliyamwaga mafuta ya kwanza ndani ya bakuli jeupe. Boliti ya chini niliitia sumaku makusudi, na nilipoifuta kwa kidole ilikuwa na unga laini wa kijivu, mwororo kama masizi, bila chembe hata moja ya kukwaruza.