Siku moja na kaboni, mtu niliyezoea nyundo

Washkaji wa nyumbani wananiuliza kila siku huku Uingereza nafanya nini hasa, nikisema natengeneza bodi za magari za kaboni, yaani kitambaa cha nyuzi za kaboni kilichogandishwa kwa gundi, wanadhani kuna mashine unabonyeza boneti inatoka. Haya, Jumanne iliyopita ilikua hivi.

Saa 11 alfajiri. Giza, kioo cha gari kimeganda barafu, nakwangua na kadi ya benki. Twende.

Saa 12. Naanzia kwenye friza. Kitambaa chetu cha kaboni kinakuja kimeshalowekwa resini, ile gundi inayokua ngumu ikipikwa, ndo maana kinakaa nyuzijoto 18 chini ya sifuri, ukikiacha nje resini inaanza kukomaa yenyewe na siku zake zikiisha unatupa, pesa hiyo. Roli la leo lilitolewa jana, maana ukilifungua likiwa bado la baridi linatoka jasho kama chupa ya soda, na huo unyevu ukipikwa unageuka vitundu.

Saa 1 mpaka saa 5 na nusu. Hapa ndo kazi yenyewe. Boneti ya gari la michezo, tabaka 6, kila tabaka vipande 4. Kitambaa kimesukwa kama mkeka, uzi unapita juu ya mbili chini ya mbili, na mteja analipia auone ule msuko, kwaiyo tabaka la kwanza likipinda hata kidogo mistari haikutani katikati, unabandua unaanza upya. Linalofuata unaligeuza digrii 45, maana uzi wa kaboni ukiuvuta kwa urefu hauna mpinzani ila ukija kwa ubavu hauna kitu, ndo unaupanga kila upande. Afu kona sasa. Kona ndo adui yangu, kitambaa kinapenda kukatiza hewani bila kugusa moldi, yaani umbo tunalolazia kitambaa, na ukikipika hivyo pale panajaa resini tupu, kwaiyo unakipasha moto kidogo kinalainika unakisukuma na kijiti cha plastiki taratibu mpaka kikae, vidole vinauma balaa. Kila baada ya tabaka mbili unafunika nailoni unanyonya hewa yote, unasubiri, unaendelea.

Kila kipande kinakuja na ngozi mbili za kukilinda, juu na chini, unazibandua ukikilaza. Vipande 24, ngozi 48. Hatutupi, tunazihesabu, maana moja ikibaki katikati ya tabaka pale hapashikani na boneti ni ya kutupa. Nikahesabu 47. Nikarudia, 47. Nimeinama chini ya meza natafuta jasho linanitoka, mzee mmoja wa Kipoland tunayefanya nae kazi akanibandua ngozi mgongoni bila kusema neno, akaondoka zake.

Saa 6. Msosi, nikampigia mzee aliyenifundisha kunyoosha bodi gereji ya Keko, Dar.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Bado unacheza na vitambaa vyako?"
"Bado mzee."
"Hivi ikigongwa inanyooka hiyo?"
"Hainyooki, inapasuka."
"Sasa bodi gani hainyooki!"

Nikamwambia kwa ujazo uleule chuma kina uzito karibu mara 5 ya kaboni, na mwaka 1981 timu ya McLaren walileta gari la mbio za Formula 1 lenye chesisi ya kaboni, alilibuni John Barnard, watu wakasema likigonga litakua unga. Mwaka huohuo dereva wao John Watson akalibamiza kwenye mbio za Monza, Italia, mpaka injini ikang'oka, yeye akatoka anatembea. Mzee kimya kidogo, afu akasema sawa lakini gereji tutakula nini.

Saa 8. Kufunga kwenye nailoni. Unazungushia utepe wa gundi, unanyonya hewa, unaangalia geji. Yangu ilikua inashuka, yaani kuna mahali hewa inaingia. Nimeweka sikio karibu kabisa nafuata mluzi mdogo kama mbu, nusu saa nzima, kumbe ni mkunjo mmoja wa nailoni haujabanwa vizuri.

Saa 9 na nusu. Boneti ikaingia kwenye otoklevu, oveni ya presha, ni kama tenki la mafuta lililolazwa, ndani nyuzijoto zaidi ya 120 na presha ya bar 6, masaa kadhaa. Watu wanadhani bei ya kaboni iko kwenye kaboni, kwa ninavyoona mimi nusu yake ni hivi vidole. BMW kwenye i3, gari lao la umeme la 2013, walikua wanasukuma resini kwa presha ndani ya moldi, kipande kinatoka kwa dakika badala ya masaa, hapo sawa, ila sisi wa magari machache bado ni mikono.

Saa 11 jioni niko kwangu, nimeoga. Simu ikalia, mzee wa Keko katuma picha mbili: Toyota IST imebonyea mlango, na IST ileile mlango umenyooka. Chini kaandika "asubuhi, saa 8 mchana".