Chuma Chakavu Kinachopumua

"Andika vyuma chakavu." Huo ndio ushauri niliopewa na watu watatu tofauti, mmoja wao msomi wa kutosha, siku nilipouliza nitasafirishaje mitungi ya kuzamia kutoka Mafia hadi Dar es Salaam. Nimeamua kusimulia yaliyonikuta kwa sababu juzi nimemsikia kijana wa kituo cha kuzamia cha jirani akipewa ushauri uleule, kwa sauti ileile ya mtu anayejua.

Sisi tuko Utende, kando ya Ghuba ya Chole. Kazi yangu ni kujaza mitungi na kubembeleza kompresa, mashine ya kushindilia hewa, na msimu wa wageni ukifika nashuka nao majini. Mitungi yetu mingi ni ya alumini, ile ya lita 11 na ushee inayojazwa hewa hadi presha ya bar 200 hivi. Begani kwa kila mmoja pamegongwa namba: aina ya mtungi, presha yake, mwezi na mwaka uliopimwa mara ya mwisho kwa maji. Kila baada ya miaka 5 unapimwa tena. Basi masika yale, wageni wamekwenda zao na mvua haikatiki, bosi akapita stoo na tochi akisoma mabega ya mitungi mmoja mmoja kama daktari wa zamu. Akapata 12 iliyopitiliza. Karakana ya kupimia iko Dar. "Tuma na watu wa vifurushi," akasema, akaenda kunywa kahawa yake.

Kilindoni, kwenye ofisi ya vifurushi, kijana wa kaunta aliposikia neno "mitungi" hakusubiri nimalize. "Gesi hatubebi, kaka."

Nikamwambia si gesi ya kupikia, ni hewa, hiihii unayovuta.

"Hewa si iko nje? Sasa unaipeleka Dar ya nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikaenda uwanja wa ndege. Dada wa mizigo alikuwa na subira zaidi: akanionyesha alama ya almasi ya kijani yenye picha ya chupa, akaniambia hewa iliyoshindiliwa ina namba yake, UN 1002, daraja la 2.2, ni mzigo hatari. Alikuwa bado anaendelea kusema, lakini mimi nilishakasirika na kugeuza pikipiki. Lile neno ambalo sikumsubiri amalizie ndilo lililokuwa na dawa yangu yote. Tutarudi kwake.

Ndipo wakaja washauri wangu wa vyuma chakavu. Nikajiambia nijaribu na miwili kwanza, nikajiona mtu wa tahadhari sana. Bosi aliwahi kunifundisha kwamba mtungi hauachwi mtupu kabisa, unabakiza hewa kidogo ndani ili unyevu usiingie. "Kidogo" kwake ni bar 5, labda 10. Mimi nilifungua koki, nikasubiri, nikachoka kusikiliza, nikafunga. Geji ikasema 50. Nikasema hiyo nayo ni kidogo, nikaitia kwenye viroba viwili, nikafunga kwa kamba ya katani, nikaandika "VYUMA CHAKAVU" kwa herufi za kujivunia. Safari hii kijana wa vifurushi alipokea bila swali.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba mzigo ukiitwa chakavu unabebwa kichakavu. Kwenye boti ya Nyamisati uliwekwa chini kabisa, juu yake magunia ya nazi. Nyamisati ulirushwa ndani ya kenta. Na Mbagala, mbele ya shemeji yangu aliyekuwa akiusubiri, kuli akakishika kiroba kwa pembe akakiburuta sakafuni toka mwisho wa bodi. Koki ya mtungi ina kishikio cha mpira pembeni. Kishikio kikisugua sakafu, kinazunguka. Kikizunguka upande usiotakiwa, kinafungua.

Shemeji anasema kwanza ulisikika mluzi mwembamba. Kuli akasimama, akainamisha sikio, akawaambia wenzake kwa utulivu kabisa: "Jamani, hiki chuma chakavu mbona kinapumua?" Kisha akakiachia. Kiroba kikaanguka kutoka kwenye kenta na kishikio chini, na mluzi ukawa ngurumo. Kiroba kikajaa upepo kama tanga la jahazi, kikachanika. Mtu mmoja akapiga kelele "bomu!", na neno hilo halihitaji kurudiwa. Bodaboda waliacha pikipiki zao zikiwaka. Mama ntilie aliyekuwa anapakua wali akakimbia na mwiko, sufuria akaiacha, na mtungi ule uliokuwa unajizungusha chini kwa nguvu ya hewa yake ukaenda kuipiga sufuria mafiga yakatawanyika. Hewa ya bar 50 kwenye mtungi ule ni kama lita 550. Inapotoka kwa haraka yake haina utani. Ilipokwisha, shemeji akasema, kulikuwa na kimya ambacho Mbagala hakijapata kutokea mchana.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini nililipa wali, nililipa sufuria, nikalipa soda za makuli wote pamoja na wale waliojitangaza kuwa makuli siku hiyo. Elfu arobaini hivi. Shemeji mpaka leo anataja sitini, na sijui ishirini zilikwenda kwa nani. Koki ilipinda, hiyo bei yake siitaji, na mitungi yote miwili ikarudishwa Mafia. Na wale washauri wangu watatu nilipowasimulia wakasema ningeandika "spea za trekta".

Nikarudi uwanja wa ndege kwa unyenyekevu. Dada wa mizigo akacheka, akamalizia sentensi yake ya wiki ile: kwa taratibu za ndege, hewa ikiwa chini ya bar 2 ndani ya mtungi haihesabiwi tena kuwa mzigo hatari. "Lakini rubani hasomi geji yako, kaka. Anataka kuona tundu." Yaani koki itolewe kabisa, mtu aweze kuchungulia. Kwa ndege nauli ya mitungi 12, zaidi ya kilo 170, ilinitoa jasho, sikuipeleka huko. Ila nilijua sasa cha kumwonyesha yule kijana wa Kilindoni.

Kuutoa mtungi hewa yote nako kuna hila yake, na mara ya kwanza nilikosea. Nilifungua koki mpaka mwisho. Kelele, ukungu, shingo ya mtungi ikapata baridi mpaka ikaota barafu nyeupe, huku Mafia joto la masika. Nikaona raha, nikaita watoto waje waone. Kisha nikatoa koki papo hapo, na hewa ya Utende, ambayo ukiikamua inatoa maji, ikaingia kwenye mtungi wa baridi. Nilipomulika ndani, kuta zilikuwa zinatiririka jasho. Kama ungekuwa mmoja wa ile mitatu yetu ya chuma, kutu ingeanza kabla haujafika Nyamisati.

Mingine niliisimamisha kivulini, nikaifunga kamba kwenye nguzo isianguke, nikafungua kila koki kiasi cha unywele, nikaenda kulala. Usiku kucha ilikuwa inafyonya kama majoka. Mlinzi alihamisha kiti chake hadi kwenye mnazi wa mbali na hakutaka kulizungumzia. Asubuhi kimya, na shingo hazina baridi.

Kimya hakitoshi, lakini. Koki inaweza kuziba kwa chumvi ukadhani hewa imekwisha, ukaja na spana ukaifungua ikakutoka usoni kama risasi. Mimi naipima kwa mizani ya samaki. Mtungi wa alumini uliojaa na ule mtupu vinapishana karibu kilo 2.7. Ndiyo, hewa ina uzito, na nilikwenda kumwambia kijana wa vifurushi kwa makusudi.

Tundu sasa lizibwe na nini? Mfuko na mpira wa kufungia pesa vilichanika siku ya kwanza. Kipande cha gunzi la mahindi, niliona aibu mwenyewe. Jibu lilikuwa kwenye baa ya hoteli ya jirani: vizibo vya shampeni, vile vyenye kichwa kama uyoga. Mwili wake unaingia kwenye shingo ya mtungi kwa kubana vizuri, na kichwa kinabaki nje cha kushika. Nilivizungushia nailoni ya kufunikia chakula ili makombo yasidondoke ndani. Kizibo hicho ukikivuta kinatoka, mtu anachungulia na tochi ya simu, ukikirudisha kinakaa. Shida ikawa kumweleza mama yangu kwa nini mfukoni mwa kanzu kuna vizibo kumi na mbili vya pombe, siku ya Ijumaa.

Kwa kufungia, sikununua kitu. Tulikuwa na rundo la nguo za kuzamia zilizochakaa, zile za mpira mzito. Ukikata mguu wa nguo ya mtu mnene, mtungi unaingia mule kama mguu kwenye soksi. Nguo sita, mitungi 12. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshanunua sponji ya godoro ya elfu kumi na kitu, ambayo sasa analalia paka.

Koki zilisafiri kwenye ndoo yake yenye mfuniko, kila moja imefungwa kitambaa chenye namba ya mtungi wake. Hapa sifanyi mzaha. Ile mitatu ya chuma ilitoka Ulaya, na koki zake zina meno ya M25, kipimo cha milimita. Za alumini ni robo tatu ya inchi. Ukizichanganya zinaweza kukazana kiasi cha kukudanganya kwamba zimeingia, kisha siku ya kujaza presha inaing'oa koki, na kuna watu wameumia vibaya kwa hilo. Afadhali utumie saa nzima kufunga vitambaa.

Mtungi mmoja koki yake iligoma kabisa. Ilikuwa wazi, haitoi hewa, mizani ikasema mtupu, lakini hainyonyoki. Kijana wa vifurushi alipokea ile 11 kwa furaha. Alichungulia kila mmoja, wa mwisho akauwekea mdomo akasema "haloo" asikie sauti yake. Ule wa 12 akasema aamue nahodha. Nahodha akasema hapana, hajaona tundu. Watu wameshajaa gatini, boti inataka kuondoka na maji. Nikafunga koki, nikaunyanyua ule mtungi, nikautupa baharini.

Ukazama hadi mabegani mwa watu waliokuwa wakioga pale, kisha ukaibuka, ukaelea, ukawa unatikisika juu ya maji kama dafu. Nikamwambia nahodha: "Mzee, mtungi uliojaa huzama. Huu una nini ndani?" Watu wakapiga makofi. Nahodha, shikamoo yake popote alipo, akasema pakia. Nilirudi Utende nikiwa mrefu kuliko nilivyoondoka.

Nilipomsimulia bosi, akatafakari kidogo, akasema hata ungekuwa na bar 50 ungeelea vilevile. Ni kweli. Mtungi wa alumini unaanza kuelea kabla haujaisha. Sikumwambia nahodha, na sikushauri uitumie hila hiyo bila mizani.

Nyamisati palikuwa na jambo jingine ambalo, kwa mara moja, nililiona mapema. Kuna watu wanaovulia majongoo bahari kwa mitungi ya hewa, na ni uvuvi haramu, kwa hiyo mitungi 12 ikitokea Mafia lazima mtu aulize. Nilikuwa nimeandika barua ya kituo yenye namba za mitungi yote, imepelekwa wapi na kwa kazi gani, ikagongwa muhuri, nakala moja juu ya mzigo na nyingine ndani ya ndoo. Afisa alinipigia simu, akasoma namba tatu, nikamjibu, akasema sawa. Barua bila muhuri tungefungia maandazi.

Karakana ilichukua siku kama kumi. Wanaujaza mtungi maji, wanaupa presha kubwa kuliko ya kazi, hadi bar 345 kwa hii ya alumini, wanaangalia umevimba kiasi gani na umerudi kiasi gani. Asilimia 10 ya ule uvimbe ikibaki bila kurudi ni ukomo, ukivuka hapo umekufa. Wanatumia maji kwa sababu mtungi ukipasuka maji hayarushi kitu, hewa ingeezua paa. Kumi na mmoja ikapita. Fundi, kwa moyo mweupe, akasema atanijazia hewa bure kabla ya kurudisha. Nilimpigia kelele kwenye simu mpaka wageni wa hoteli wakageuka. Nimetoka jasho lote hili kuitoa, halafu mnirudishie Mafia kama mzigo hatari, kompresa ninayo mwenyewe!

Mzigo ukarudi wiki iliyofuata, vizibo vyangu mahali pake, miguu ya mpira mahali pake. Wa 12, uleule ulioelea, ndio ulioshindwa. Walikuwa wameutoboa ubavuni ili usijazwe tena kamwe. Shemeji aliufunga peke yake kwenye kiroba kipya, kwa kamba ya katani, na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa za kujivunia: VYUMA CHAKAVU.