Machungwa 91

Mwaka 1997 nilikuwa darasa la sita, nikikaa kwa shangazi yangu Mwananyamala. Alikuwa na genge mbele ya nyumba, la nyanya, vitunguu na ndimu, na msimu wa machungwa ya Muheza ukifika, alfajiri anakwenda Buguruni kuyafuata.

Shuleni tulikuwa tumetoka kuteswa na vigawo na vigawe, maneno ambayo mpaka leo naamini aliyeyatunga hakuwa na mtoto wa kumsomesha. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, basi. Vigawe vyake ni 12, 24, 36, na kuendelea bila mwisho. Ukikosea herufi moja ya mwisho, bakora mbili.

Baada ya hapo namba tasa zilikuwa nafuu: namba yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Mwalimu alituandikisha 1 mpaka 100, tukaanza kuchuja. Futa 1. Bakiza 2, futa vigawe vyake vingine vyote. Bakiza 3, fanya vivyo hivyo. Bakiza 5, hivyo hivyo. Kengele ikalia. "Malizieni nyumbani." Sikumalizia.

Kwa hiyo daftari langu lilibaki na namba 28, wakati tasa zilizo chini ya 100 ni 25. Zilizozidi zilikuwa 49, 77 na 91, vigawe vya 7 ambavyo sikuvifuta. Mbili za kwanza nilizikamata kwenye jedwali la kuzidisha nyuma ya daftari. Lakini jedwali lile liliishia 12, na 91 haikuwemo. Nikaiacha, tena nikaizungushia wino. Mwalimu akanipiga kosa jekundu na kuandika "Rudia", bila neno lingine.

Ilikuwa siku chache baada ya Sabasaba. Jioni shangazi akaniambia nihesabu machungwa yaliyobaki, nikapata 91. Nilishtuka kidogo, ila sikusema kitu, maana pale gengeni tulikuwa na utaratibu mzuri: anapanga mafungu ya matano matano, na yasiyotimia fungu ni yangu. Matano matano likabaki moja. Siku hiyo lakini wateja wengi walikuwa wamekopa, na hakutaka hata moja lipotee.

"Hilo moja silitoi. Panga sita sita."

Likabaki moja.

"Matatu matatu."

Moja.

Manne manne yakabaki matatu, nikacheka, akaniona. "Vuruga yote! Panga saba saba, si ndiyo Sabasaba yenyewe hii."

Nikapanga huku nimeshaandaa mate. Fungu la mwisho likatimia, na gunia likawa tupu. Nikayahesabu mafungu: 13. Nilikaa pale nayatazama kama mtu aliyeibiwa. Saba mara kumi na tatu!

Nilipotulia nikaona na jingine. Mafungu 13 ya saba saba ningeweza kuyageuza yakawa mafungu 7 ya kumi na tatu kumi na tatu, machungwa yale yale. Kigawo kikubwa hakiji peke yake, kina mwenzake mdogo. Sasa kama wadogo wote nimeshawajaribu na wamegoma, huyo mkubwa nitamtafutia nini? Hili mwalimu hakuwahi kutuambia, au alilisema siku niliyokuwa nachungulia dirishani.

Kesho yake yalibaki 61. Nikapiga hesabu kichwani. Si shufwa. 6 na 1 ni 7, kwa hiyo 3 haiingii. Haiishii na 0 wala 5. 7 mara 8 ni 56, mara 9 ni 63, imeruka. Nikaishia hapo, kwa sababu 8 mara 8 ni 64, tumeshapita.

"Shangazi, haya usijisumbue. Ni tasa."

"Tasa nani? Lugha hiyo iacheni huko huko shuleni."

"Namba, shangazi. Upange utakavyopanga, hayatimii."

Hakuniamini. Akachuchumaa, akapanga mwenyewe mawili mawili, matatu matatu, manne, matano, sita, na kila safari likabaki moja. Akajaribu saba saba, yakabaki matano. Akayarudisha haraka haraka kwenye sita sita, wala hakunitazama. Mimi kisu nilikuwa nimeshakishika.