Mchakato wa PostgreSQL uliokataa kusimama

Katika msimu wa kahawa, seva ya ushirika mmoja wa Mbozi, ambayo ninaihudumia nikiwa Mbeya, hupokea uzito wa mizigo kutoka vituoni na kuwatumia wakulima ujumbe wa simu. Msimu uliopita mchakato mmoja wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata ya seva hiyo, uliganda huku umeshikilia kufuli la baadhi ya mistari ya jedwali la malipo, na makarani waliohitaji mistari hiyo wakabaki wanasubiri.

Katika pg_stat_activity, orodha ya michakato ya PostgreSQL, mchakato ulionekana uko kazini na sehemu ya wait_event, yaani kinachosubiriwa, ilikuwa tupu, ilhali top, programu ya kuona matumizi ya kompyuta, ilionyesha kwamba hautumii prosesa hata kidogo. Mambo hayo hayapatani, kwa kuwa anayefanya kazi hula prosesa, na anayesubiri ndani ya PostgreSQL kwa kawaida huandikwa anachokisubiri. Niliita pg_cancel_backend, ya kusitisha kazi ya mchakato, kisha pg_terminate_backend, ya kuufunga kabisa. Zote zilijibu kwamba zimefaulu, yaani ishara imetumwa, basi.

Kijana ninayefanya naye kazi alisema, "Kaka, tupige kill -9," yaani tuuue kwa nguvu. Nilimkatalia, kwa sababu mchakato mmoja ukifa hivyo, PostgreSQL huacha kuiamini kumbukumbu ya pamoja, hukata miunganisho yote na kuanza kujirejesha kutoka kwenye WAL, kumbukumbu yake ya mabadiliko.

Nikaufungua kwa gdb -p, zana ya kuchungulia mchakato unaoendelea, na kuandika bt, inayoorodhesha miito iliyomo. Juu kabisa palikuwa na recv, mwito wa kusubiri data ya mtandao, chini yake miito ya Python, na chini zaidi plpython3, inayoendesha Python ndani ya PostgreSQL: triga ya jedwali, yaani msimbo unaojiendesha jedwali linapobadilishwa, ilikuwa inasubiri jibu la mtoa huduma wa ujumbe, bila ukomo wa muda. Ishara ya kusitisha huinua bendera tu, ambayo PostgreSQL huiangalia katika sehemu maalumu za msimbo wake, na Python haikuwa imeurudisha udhibiti huko. Hata statement_timeout, ukomo wa muda wa PostgreSQL yenyewe, ingekwama hapohapo.

Namba ya soketi, yaani muunganisho huo wa mtandao, niliipata katika /proc, saraka ya Linux yenye taarifa za michakato, nikaita shutdown juu yake ili kuufunga nikiwa ndani ya gdb, kisha nikaandika detach kuuachia mchakato. (Usikawie humo: gdb huusimamisha mchakato, na ikiwa mchakato huo umeshika kufuli la ndani, wengine wanaolihitaji watausubiri.) Python ilirudisha kosa, PostgreSQL ikaikuta bendera, muamala ukabatilishwa na makarani wakaendelea.

Sasa triga huandika ujumbe kwenye jedwali la foleni tu, na programu ya pembeni ndiyo inayoutuma, ikiwa na ukomo wa muda.