Loch Ness kwa basi kwa siku moja: ninavyoipanga safari ya wageni

Ninaishi Edinburgh, Uskoti, na wageni wanaonijia kutoka nyumbani huwa na ombi moja: wapelekwe kwenye lile ziwa lenye zimwi. Loch Ness haiko karibu. Kwa njia ya bonde la Glencoe, kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 500, na basi linaloondoka saa 2:00 asubuhi hurudi kama saa 2:00 usiku. Katika saa hizo 12, karibu nane mtu yuko kitini. Nimeshaipanga safari hii mara kadhaa, kwa wazee na kwa vijana, na siku huharibika au kunoga kwa mambo ambayo matangazo ya ziara hayayagusi: upande wa kiti, chakula cha mchana, na zile dakika 15 za Glencoe.

Kiti kwanza. Uskoti magari hupita kushoto kama kwetu, dereva yuko kulia, mlango kushoto. Basi likitoka Edinburgh kupitia Stirling na Callander, karibu uzuri wote wa asubuhi uko upande wa mlango. Baada ya Callander unaambaa na Loch Lubnaig. Ukishapita Bridge of Orchy barabara inapanda na Loch Tulla inabaki chini yako. Kisha mlima Buachaille Etive Mòr, umesimama kama piramidi pale nyika ya Rannoch inapokwisha, halafu vilele vitatu vya Glencoe, halafu Loch Linnhe, ambayo ni mkono wa bahari, mpaka Fort William. Vyote kushoto. Mchana mambo hugeuka. Basi linaloendelea hadi Inverness hupita na Loch Ness yenyewe upande wa kulia. Mabasi mengi ya siku moja hayafiki huko. Hugeukia Fort Augustus na kurudi kwa barabara ya A86, ambako Loch Laggan pia iko kulia. Kwa hiyo nikiwa na wageni wawili wawili, asubuhi mwenye hamu zaidi anakaa dirishani upande wa mlango, na baada ya Fort Augustus tunaomba kubadilishana na watu wa ng'ambo. Wengi hukubali, maana nao wamekinai kuangalia ukuta wa majabali. Kabla ya kulipa, soma ramani ya ziara: kampuni nyingine huzunguka kinyume, na hapo kila nilichosema kinapinduka.

Viti kwa kawaida havina namba, anayewahi ndiye anayechagua. Nafika nusu saa kabla. Kwenye basi dogo la watu 16 naepuka safu ya mwisho, kwa sababu iko nyuma ya ekseli na kila shimo la barabara linaishia mgongoni, na barabara ya Loch Lubnaig ina kona nyingi. Safu ya pili na ya tatu ndizo tulivu. Mwenye kichefuchefu cha safari anunue sinarizini duka la dawa siku moja kabla na kuimeza saa mbili kabla ya kuondoka. Akingoja mpaka tumbo lianze kuvurugika atakuwa amechelewa.

Basi dogo au kubwa? Basi la watu 50 liko juu, unaona juu ya kuta za mawe na vichaka, na mara nyingi lina choo kidogo kwenye ngazi za katikati. Lakini watu 50 hutoka kwa mlango mmoja au miwili. Kituo cha dakika 15 kinakuwa cha dakika nane au tisa kwa aliyekaa nyuma. Basi dogo halina choo, ila linaingia kwenye maegesho madogo ambako kubwa haliwezi kugeuka, na dereva ndiye mwongoza watalii, kwa hiyo unaweza kumuuliza kitu moja kwa moja. Mimi nachagua dogo, isipokuwa nikiwa na mzee anayehitaji choo mara kwa mara.

Sasa saa. Tiketi huandika 08:00. Mzee wa Tanga akiambiwa "eight" kisha akaisoma kama saa nane, atajua ni ya mchana. Nawaandikia kwenye karatasi kwa namna zote mbili, na kila tunapoteremka nawaambia kwa saa yetu na kuwaonyesha mkono wa saa utakapokuwa. Hili si jambo dogo, kwa sababu basi halisubiri. Sheria ya Uingereza inamtaka dereva apumzike dakika 45 kwa kila saa nne na nusu za kuendesha, na anaweza kuzigawa 15 kwanza, kisha 30. Kwa siku asizidishe saa tisa za usukani, au kumi mara mbili tu kwa wiki. Kifaa kiitwacho takografu kinarekodi kila dakika. Ndiyo maana ratiba imekazwa vile, na ndiyo maana dereva akifunga mlango wakati wa mapumziko yake usimgongee ili uchukue koti lako. Teremka na kila kitu utakachohitaji.

Kituo cha kwanza huwa Callander au Kilmahog hapo jirani, ambako kuna ng'ombe wa Highland, wale wenye manyoya marefu mekundu yanayofunika macho. Wageni wetu huwapenda sana. Nenda chooni kwanza, ng'ombe baadaye, maana foleni ya choo ndiyo inayokula muda. Beba sarafu za peni 20 na 50. Baadhi ya vyoo vya vijijini hulipiwa.

Kuanzia Tyndrum kwenda juu, wageni wangu wasiojua Kiingereza walikuwa wakipoteza nusu ya ziara. Lafudhi ya mwongoza watalii kwenye kipaza sauti ni nzito hata kwa aliyesoma. Kutafsiri papo kwa papo hakukufaa: unamkosesha jirani kusikia, na ukimaliza sentensi moja mlima umeshapita. Sasa nawasimulia usiku wa kuamkia safari, nyumbani, kwa Kiswahili, kisha ndani ya basi natamka jina tu na kuelekeza kidole. Majina yenyewe ni rahisi ukiyafungua. Loch ni ziwa, na ile "ch" ya mwisho ni "kh" yetu ya "kheri". Watu wa pwani huitamka vizuri kuliko Waingereza. Glen ni bonde, ben ni mlima, mòr ni kubwa, inver ni mahali mto unapomwaga maji yake. Inverness basi ni mdomo wa mto Ness. Vibao vya barabara huku vina Kigaeli na Kiingereza, hivyo ukishawafundisha maneno hayo matano wataanza kuvisoma wenyewe.

Kisa cha Glencoe lazima wakijue kabla ya kufika, kwa sababu bila hicho bonde ni majabali mazuri tu. Mfalme William alizitaka koo za milimani ziape utiifu kabla ya Januari 1, 1692. Mkuu wa akina MacDonald wa Glencoe alikwenda kuapa Fort William siku za mwisho, akaambiwa hapo sipo, aende Inveraray, na theluji ikamchelewesha. Askari wakaja bondeni, wakapokewa kama wageni, wakala na kulala kwa wenyeji karibu wiki mbili. Alfajiri ya Februari 13 wakawageuka. Waliouawa walikuwa 38, na wengine, wakiwamo wanawake na watoto, walikufa kwa baridi walipokimbilia milimani. Mtu aliyelelewa kwamba mgeni ni baraka na chumvi ya mwenyeji haisalitiwi haelezwi mara mbili. Basi linapoingia kati ya ile miamba, wazee wananyamaza wenyewe.

Hapo ndipo penye dakika 15 ninazozisema, kwenye egesho la kutazamia vilele vitatu. Julai na Agosti egesho hujaa, na likijaa basi linapita bila kusimama. Basi linaloondoka mjini mapema lina nafasi zaidi ya kupata pa kuegesha kuliko linaloondoka saa 3:00. Simu iwe mkononi kabla ya kona, na ukilazimika kupiga picha kupitia kioo, gusisha lenzi kabisa kwenye kioo na uizungushie mkono wa koti, ili taa za ndani zisijitokeze kwenye picha. Beba pia kitambaa kikavu. Makoti yaliyolowa yakikaa ndani ya basi vioo vyote huota ukungu, na watu huishia kuangalia weupe. Kulowa ni karibu lazima: Fort William hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Edinburgh kama 700. Mwamvuli haufai, upepo wa bondeni unaugeuza nje ndani. Koti la mvua lenye kofia, na viatu visivyoteleza kwenye changarawe, vinatosha.

Siku isiyo na upepo wala jua kali, kuanzia Juni hadi Agosti, kuna visubi. Ni wadogo kuliko mbu, unaweza usiwaone mpaka utazame mkono wa nguo nyeusi na kukuta vidoadoa vinatembea. Wanaingia ndani ya nywele na masikio. Hawana malaria, hilo wageni huliuliza mara moja, lakini kuwasha kwake ni kwa siku mbili tatu. Upepo mwepesi tu unawazuia kuruka, kwa hiyo simama mahali penye upepo, si nyuma ya basi. Vaa nguo za rangi nyepesi na ujipake dawa kabla ya kuteremka. Wanawake waliovaa hijabu na mikono mirefu huumwa kidogo kuliko wote. Ni uso na viganja tu vya kulinda.

Fort Augustus basi hukaa muda mrefu kuliko mahali pengine, saa moja na nusu au mbili, na hapo ndipo pa kuamua: boti au mfereji. Boti huchukua saa moja. Ziwa lina urefu wa kilomita 37, upana kama kilomita moja na nusu, na kina cha mita 230 hivi. Maji ni meusi kama chai ya rangi kwa sababu ya mboji inayoshuka kutoka milimani, ndiyo maana hakuna anayeona chini na ndiyo maana hadithi ya zimwi, iliyovuma magazetini mwaka 1933, haijaisha. Anayeijua Tanganyika atauliza kama ni ndugu, kwa vile zote ni refu, nyembamba na zenye kina. Zote zimekaa kwenye ufa wa ardhi, ila ufa wa huku ni pande mbili za ardhi zilizosuguana kwenda kinyume, kisha barafu ikachimba. Haukupanuka kama bonde letu la ufa. Tena kina cha Tanganyika ni kama mita 1,470. Juu ya boti kuna baridi hata Julai. Wazee nawakalisha ndani, karibu na skrini inayoonyesha sakafu ya ziwa.

Kwa watoto na vijana sikati tiketi ya boti. Nawapeleka kwenye malango ya mfereji wa Caledonian, kazi ya mhandisi Thomas Telford, uliofunguliwa 1822. Malango matano yamepangwa kama ngazi katikati ya kijiji, bure kabisa. Chombo kinaingia, lango linafungwa nyuma yake, maji yanaingia kwa kishindo kupitia matundu ya chini, na kamba inavutwa kidogo kidogo kadiri chombo kinavyopanda hadi macho ya nahodha yanalingana na yako. Kupanda ngazi zote huchukua kama saa nzima. Tatizo ni moja: barabara ya A82 inavuka mfereji huo kwa daraja linalozunguka, na likifunguliwa kupisha vyombo, magari yote husimama. Usivuke upande wa pili dakika tano kabla ya muda wa basi.

Chakula nakibeba. Nyama ya halali katika vijiji hivi ni nadra, na samaki na chipsi mara nyingi hukaangwa katika mafuta yaleyale ya soseji, uliza, hawakasiriki. Sambusa, chapati zilizokunjwa na mayai, maandazi. Visivyonuka ndani ya basi, na visivyo vya moto. Maji ya bomba ni salama, jaza chupa. Kwa swala, kiangazi ni rahisi: Adhuhuri na Alasiri tunakusanya na kupunguza kwenye nyasi za kando ya mfereji, na Magharibi mwezi Juni ni karibu saa 4:00 usiku, tumesharudi. Desemba jua linazama kabla ya saa 10:00 jioni. Magharibi huingia tukiwa barabarani, na nusu ya njia ya kurudi ni giza tupu. Siwashauri wageni kwenda mwezi huo.

Njia ya kurudi hupita Dalwhinnie na Pitlochry kwa A9, wengi wakiwa wamesinzia. Ajali moja kwenye A82 au A9 inaweza kuongeza saa nzima, kwa sababu njia za kuzunguka ni ndefu mno. Usikate tiketi ya treni ya usiku uleule. Nawaamsha basi linapokaribia mdomo wa mto Forth: upande wa kushoto, ng'ambo ya daraja la barabara la 1964, kuna daraja jekundu la reli la 1890, na mwezi Juni bado lina jua la kutosha kwa picha.