Siku moja maishani mwangu: kuteremka na Danube kutoka Passau

Saa 12 asubuhi. Kazi yangu ni kuongoza wageni kwa baiskeli kando ya mto Danube, kutoka mji wa Passau, Ujerumani, hadi Austria. Nafungua stoo, baiskeli tisa, na kila moja lazima ipite mkononi mwangu kabla sijanywa chai. Nabinya tairi kwa kidole gumba, navuta breki, nazungusha pedali huku nasikiliza cheni. Cheni kavu inalia kama kifaranga, hivo naitia oili tone moja kila pingili afu nafuta yote ya nje na kitambaa, manake oili ikizidi inakamata mchanga na ukifika mchana utaisikia inasaga.

Saa 3. Wageni wameshakula, mabegi yametangulia na gari. Kabla hatujapanda nawapeleka ukutani kwenye jengo la zamani la halmashauri, pale zimechorwa alama za mafuriko. Ya juni 2013 maji yalifika mita 12.89, inabidi uinue shingo kabisa kuiona, na juu yake bado kuna ya 1501! Huwa sisemi sana hapo, nawaacha waangalie wenyewe. Ndo mto tutakaotembea nao siku nzima, bora wajue unaweza nini.

Saa 4 kasoro tuko kwenye ncha ya mji, mito mitatu inakutana. Ilz mweusi kwa sababu unatoka kwenye ardhi ya tope jeusi la msituni, Inn wa kijani unashuka na maji ya milima ya Alps, Danube katikati, na kwa muda rangi zinaenda bega kwa bega kabla hazijachanganyika. Nimeiona mara nyingi sana na bado nasimama.

Saa 4 mpaka 6. Ukingo wa kaskazini kuelekea Obernzell, barabara ya magari iko jirani, kelele, tunapita tu. Kuna baba mmoja kila dakika kumi anauliza bado kilomita ngapi, ana haraka kweli, nikamwonyesha vibao vya mtoni. Vinahesabu kutoka Bahari Nyeusi kupanda juu, kwa hiyo Passau ni kama 2226 na sisi tunateremka namba zinapungua. Akaanza kuvisoma kwa sauti na hakuuliza tena.

Mama mmoja akapata pancha, mwiba mdogo kama sindano. Tyubu nje, nikaipitisha karibu na mdomo mpaka nikausikia upepo, msasa kidogo, solushani, kiraka, kisha dakika kadhaa za kusubiri ikauke. Hizo dakika usizipunguze jamani, wengi wanabandika solushani ikiwa mbichi na kiraka kinabanduka mbele ya safari.

Saa 7. Jochenstein, kilomita 2203. Lile bwawa la umeme lilijengwa miaka ya 1950 na Ujerumani na Austria kwa pamoja, upande huu Bavaria, jimbo la Ujerumani, upande ule Austria. Tumekula kwenye nyasi. Mbele kidogo ndo mpaka wenyewe, hakuna geti wala askari, unapedali tu na uko nchi nyingine, hela ileile yuro. Pasi wabebe lakini, hilo nawaambia kila safari.

Kutoka hapo ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Magari hakuna, msitu kushoto, maji kulia, njia tambarare kama meza. Na utambarare huu una sababu, zamani farasi walivuta majahazi kupanda mto kwa kamba wakitembea ukingoni, kwahiyo njia za kando ya Danube zilizoea mwendo wa farasi mwenye mzigo. Ukienda mbio hapa utafika na hujaona kitu, mimi nabaki nyuma kabisa ili asiwepo wa kunipita.

Saa 9 na nusu. Tumefika kijiji kinachoitwa Au. Mbele yetu njia ya ukingo huu inakatika, mlima wa msitu umeshuka mpaka majini, tunapanda kivuko kidogo, baiskeli zimeegemezana, tunavuka hadi Schlögen. Hapa mto umekutana na mwamba mgumu ukageuka nyuzi 180 kurudi ulikotoka.

Saa 11. Wengine wamepanda kwa miguu kuangalia kona yote kutoka juu, yule baba wa haraka yumo. Mimi nimebaki na baiskeli, nabinya tairi ya yule mama. Bado ngumu. Kesho mji wa Linz, kibao cha kilomita 2135.