Wimbo wa mwisho upande wa pili

Jana usiku umeme ulikatika, nikajilaza na hedifoni masikioni nikiusikiliza "The Lady in My Life" wa Michael Jackson. Nimeurudia mara nne.

Kaseti ya Thriller, albamu yenye wimbo huu, nyumbani kwetu ilikuwa ya kaka. Upande wa pili unaanza na Beat It, inafuata Billie Jean, Human Nature, P.Y.T. Hapo kaka anazima, anachomoa kaseti, anapenyeza kalamu ya Bic kwenye tundu lenye meno na kuizungusha mpaka mkanda urudi mwanzo, maana kurudisha kwa redio kunakula betri. Wimbo wa tano, wa kufungia, niliujua siku alipopitiwa na usingizi redio ikaendelea yenyewe.

Albamu ile ilitoka Novemba 1982 ikiwa na nyimbo 9, na 7 zilitolewa kama singo, yaani kila moja peke yake. Zilizoachwa ni Baby Be Mine na huu, zote mbili kazi za Rod Temperton, Mwingereza yuleyule aliyetunga Thriller yenyewe. Tena huu ulikatwa. Quincy Jones, mtayarishaji wa albamu, aliwahi kusimulia kwamba nyimbo zilikuwa ndefu mno kwa santuri, sauti ikakonda, ikabidi wapunguze. Ubeti mmoja wa wimbo huu ukaenda na maji. Ubeti huo unaniuma mpaka leo.

Michael anaanza kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mtu mmoja chumbani. Kisha, ukishavuka nusu, besi inashika mwendo mwingine na maneno yanamwishia. Anabaki kubembeleza tu: neno moja analivuta, analikata, analirudia huku pumzi ikisikika. Kijana wa miaka 24! Watu wakimtaja wanataja miguu yake, na wana haki. Mimi namkumbuka kwa dakika hizi mbili.

Mwaka 1995 rapa LL Cool J alipotoa Hey Lover, iliyojengwa juu ya muziki wa wimbo huu, wenzangu shuleni waliipenda mno, nami nikawa nawaambia kila siku kwamba muziki ule una mwenyewe.

Wimbo wa Michael unapofifia, yeye bado anaimba. Kwenye kaseti ulikuwa unafuata mvumo wa mkanda mtupu, kisha kitufe kinaruka, tak.

Asubuhi nimemtumia kaka, nikamwomba asizime kabla haujaisha kabisa.